Maji Yasiyo na Moyo

Dada yangu Wacera alikuwa fundi wa nguo, na soko lote la Matulo lilimjua kwa ukaidi mmoja: hakupanua nguo ya mtu. Ukimletea gauni lililokubana kiunoni, alilikunja vizuri akakurudishia. "Nguo haina makosa," alisema. "Wewe punguza chapati." Wateja walimnunia, wakaenda kwa fundi wa pili, halafu Krismasi ikikaribia wakarudi, kwa sababu mishono ya yule wa pili ilikuwa ikifumuka kanisani watu wakipiga magoti.

Mimi ni Gladwell, dada yake mkubwa. Nauza vyombo vya plastiki hapa Matisi, Kitale, na mdomo wangu unajulikana mpaka Moi's Bridge tulikozaliwa. Wacera alinizidi upole, ukiweka kando mambo ya nguo. Aliolewa na Jotham, mwalimu wa shule ya msingi, Mbukusu, akaenda kuishi naye Matulo, Bungoma, katika boma moja na mama mkwe wake, Rispah, milango ikitazamana. Watu wetu walisema Mkikuyu hatadumu kule, atachoshwa na ugali. Alidumu. Akamzaa Nelima, akajifunza kupika kuku wa kienyeji mpaka Rispah mwenyewe akawa anamwita aje aonje mchuzi kabla wageni hawajafika. Mama yetu sisi alifariki zamani. Kwa hiyo Wacera aliposema "mama" nilijua anamsema Rispah, na sitadanganya, kuna siku neno hilo lilinichoma.

Mwaka juzi alijishonea gauni. Kitambaa kilikuwa cha samawati, kizito, nilimchagulia mimi mwenyewe Kitale. Alikikata kwa mikono mirefu inayobana kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mkono, na hapo akaweka vifungo vitatu vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa kilekile. Lilikuwa la Krismasi. Alilivaa mara moja tu, mbele ya kioo, nami nikamwambia anafanana na mke wa askofu. Akacheka, akalitundika kwenye msumari juu ya cherehani.

Krismasi hiyo ilimkuta wodini. Kulikuwa na uvimbe kwenye titi la kulia, na madaktari wa Kitale waliliondoa titi lote pamoja na tezi za kwapani, vile vinundu vinavyovimba mtu akiwa na kidonda, ambavyo vikivimba kinenani tunaviita mtoki. Kabla ya kupasuliwa tuliambiwa tutafute watu wa kutoa damu. Jotham alikunja shati kabla sijamaliza kuuliza nani. Wacera alipoamka, yule mwalimu alisimama kando ya kitanda akiwa na pamba kwenye mkono, anajigamba.

"Sasa wewe ni Mbukusu kamili," alimwambia. "Umejazwa damu ya Matulo. Mukimo wa Wakikuyu wenu utaukataa mwenyewe, utalilia ugali na kuku."

Tulicheka wote, hata Wacera, akishika kifua kwa maumivu. Rispah alikuwa ameketi kwenye benchi na kikapu chake mapajani. Yeye hakucheka. Aliinama akamshika Wacera mguu, akasema polepole, "Asante Mungu. Sasa ni mwanangu wa damu." Jotham alitania. Mama yake aliamini.

Miezi ikapita. Wacera alirudi kwenye cherehani, nywele zikaanza kuota tena baada ya dawa kali za saratani. Wakati wa kupalilia mahindi akanipigia simu.

"Gladi, kidole gumba hakiingii kwenye mkasi."

"Mkasi gani?"

"Wangu. Ule wa siku zote. Tundu limekuwa dogo."

Fundi wa nguo, hivyo ndivyo alivyojua kwamba mkono umevimba. Ulianza vidoleni, ukapanda, mpaka ukawa umejaa kuanzia kiganjani hadi begani. Ngozi ilinyooka ikang'aa, na ukiubonyeza kwa kidole shimo lilibaki hapohapo kama kwenye unga uliokandwa. Pete ilitolewa kwa sabuni. Na gauni la samawati, mkono wake ulikwama kabla haujafika kwenye kiwiko. Kiswahili kinaita vyote viwili mkono, wa mtu na wa nguo, na hivi viwili sasa havikupatana.

"Panua basi," nilimwambia. "Si wewe ndiye fundi?"

"Sipanui. Mkono ndio utapungua. Na ukipungua nitalivaa kanisani, utaona."

Nilimwambia aje Kitale aonwe. Akasema atakuja baada ya shule kufungwa, maana alikuwa na sare nyingi za kushona, na anazishona vipi na mkono ule, hakunieleza.

Sasa mnisikilize vizuri kuhusu Rispah. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningejua pa kuiweka hasira yangu. Alikaa mlangoni pake akiutazama ule mkono kila siku, akawaza, akapata jibu lililomtosha: hiyo ni damu ya Jotham. Imeingia kwenye mwili wa mtu wa Mlima Kenya, haijui njia za huko, imepotea ikakusanyika mkononi. Damu mbili zimekataana. Itolewe kidogo, zitapatana. Kule kuna mzee anayeumika, anayekuchanja kwa wembe, akabandika pembe ya ng'ombe iliyotobolewa na kuivuta damu mbaya. Aliwahi kumtibu Rispah goti na goti likapona. Basi Rispah akamwita.

Na Wacera alikubali. Hili lilinichukua muda kulimeza. Alikubali kwa sababu aliutaka mkono wake, na kwa sababu aliyemwambia ni mama.

Yule mzee alichanja chale kwenye mkono, akabandika pembe, akavuta. Damu ilitoka matone mawili. Kilichofuata kilikuwa maji. Maji meupe yenye rangi ya manjano kidogo, yakatiririka, yakalowesha leso, wakabadilisha leso, nayo ikalowa. Mzee aliangalia ndani ya pembe, akamwangalia Wacera, akakusanya vitu vyake. "Huyu mtu hana damu," alisema, akaenda zake.

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Wahenga hawakuuona mkono wa Wacera.

Rispah ndiye aliyenipigia simu, siku mbili baadaye. Watu wa Bungoma, l na r ni kitu kimoja kwao, nasi Wakikuyu hatuna haki ya kuwacheka, yetu pia tunayajua.

"Gladwell, hari ya Wacera ni mbaya. Kuja."

Nikaelewa anasema hali. Nilipofika na kumgusa dada yangu kwenye paji la uso, nikaona kwamba hata angekuwa amekusudia kusema hari, asingekosea. Alikuwa anawaka. Mkono ulikuwa mwekundu hadi shingoni, zile chale zimefura, na bado maji yalikuwa yanachuruzika. Hakunitambua mara moja. Aliniita Mama, na sijui ni mama gani.

Tulimpeleka Kitale siku ileile, gari la kukodi, Jotham akimshikilia. Rispah akapanda bila kuulizwa. Njia nzima sikusema neno, na wanaonijua wanajua maana yake.

Niliyasema wodini. Wacera alikuwa amewekewa dawa ya mshipa, kwenye mkono wa kushoto, amelala. Nilimgeukia yule mama wa watu, mwenye umri wa kunizaa, nikamwita jina lake tupu.

"Rispah. Ulimpasua dada yangu kama samaki."

"Mimi nilitaka kusaidia. Hiyo damu ya Jotham ilikuwa imekataa..."

"Damu gani? Uliona damu? Umemchanja mgonjwa wa saratani kwa wembe wa kijijini, Rispah! Ukimuua utanipa nani? Eh? Utanipa nani?"

Jotham alisema, "Gladwell, tafadhali, huyo ni mama." Nikamwambia si mama yangu. Kwenye kitanda cha jirani redio ya mtu ikazimwa. Hasira hasara, najua, lakini siku ile nilikuwa tayari kupata hasara.

Aliyekuja kututenganisha ni Rotich, daktari wa viungo, kijana mrefu mwenye sauti ya chini. Alivuta kiti akaketi katikati yetu.

"Sikizeni," alisema. "Mama, hiyo damu unasema, ya kijana yako, haikuwekwa kwa huyu. Ilienda benki ya damu. Yeye ni grupu O, kijana yako ni B. Alipatiwa ya mtu mwingine hatujui hata ni nani."

Rispah alimwangalia Jotham. Jotham aliangalia sakafu.

"Na ile ilitoka kwa mkono haikuwa damu," Rotich akaendelea. "Inaitwa limfu."

"Rimfu," alisema Rispah.

"Limfu. Mwili iko na mito miwili, mama. Mto wa kwanza ni damu. Ni nyekundu, inabeba hewa na chakula, na iko na moyo wa kuisukuma. Inatoka, inazunguka, inarudi. Sasa ikipita kwa nyama, maji kidogo yanavuja nje ya mishipa, ndiyo nyama inywe. Mengi yanarudi kwa damu. Yale yanabaki yanaokotwa na mishipa ingine midogo sana, hiyo ndiyo limfu. Haina ile rangi nyekundu. Inabeba askari wa mwili, inapita kwa tezi kuchujwa, halafu inarudi kwa damu hapa, chini ya shingo. Njia yake ni moja tu, ya kurudi. Na haina moyo."

"Haina moyo?"

"Haina wa kuisukuma kama damu. Mishipa yake inajikaza tu kidogo, na mingine inasukumwa ukitembea, ukiinua mkono, ukipumua. Sasa huyu tezi za kwapa zilitolewa, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umefika hapo. Njia ikafungwa. Ni kama mtaro wa shamba ukizibwa: maji hayajafanya makosa, hayana tu pa kupitia. Yakisimama, ngozi ikikatwa hata kidogo, uchafu unaingia na askari hawawezi kufika. Hapo ndiyo homa. Huo mkono hautakiwi sindano, hautakiwi wembe, hautakiwi hata kupimwa presha."

Rispah aliitazama mikono yake mwenyewe. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwake.

"Kama haina moyo, mtu mwingine anaweza kuisukuma?"

"Anaweza," alisema Rotich. "Nitawafundisha."

Homa ilishuka. Wacera alipopata nguvu ya kuketi, Rotich alikuja na kiti chake. Nilikunja mikono ya sweta, tayari kujifunza. Mimi ndiye damu yake, nani mwingine? Lakini Wacera alisema, "Gladi, muachie mama. Wewe unakaa Kitale. Yeye ndiye niko naye kila siku."

Nikarudi nyuma nikaegemea ukuta. Nilimwona Rispah akiweka vidole vyake vya jembe kwenye shingo ya dada yangu, Rotich akimwambia, "Polepole zaidi, mama. Hiyo mishipa iko hapa juu tu, chini ya ngozi. Kama unapanguza mtoto machozi." Kwanza shingoni, halafu begani, ili njia ifunguke, kisha ndipo unashuka mkononi, ukisukuma kuelekea juu, hurudishi chini kamwe. Baada ya hapo unafunga bendeji. Alirudia mpaka Rotich akasema inatosha, naye akaomba arudie tena.

Siku ya kuondoka nilimwambia Rispah kwenye lango la hospitali asinisalimie tena maishani. Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemwambia bei ya kitu.

Basi ikawa hivyo. Kila nilipokwenda Matulo nilipita mlangoni pake nikitazama mbele. Jioni jua likipungua makali, Rispah alivuka ua na kigoda chake, akamketisha Wacera nje, akamfungua bendeji, akaanza kusukuma. Aliimba nyimbo za kanisa kwa Kibukusu, chini kwa chini. Nelima alifanya kazi zake za shule kando yao. Mimi nilikaa ndani na kikombe cha chai nikiwaangalia kupitia dirishani, mgeni katika nyumba ya dada yangu mwenyewe.

Na mkono ulipungua. Lazima niseme ukweli. Kidole gumba kiliingia tena kwenye mkasi, kwa shida, lakini kiliingia. Wacera alinipigia simu kunieleza hilo tu, na nililia dukani katikati ya mabeseni, mteja akadhani nimeibiwa.

"Krismasi hii nitalivaa," alisema. "Limebaki kidogo tu."

Siku moja alinisihi, "Gladi, msalimie mama. Anaumia."

"Na aumie. Mimi ndiye damu yako, Wacera. Damu nzito kuliko maji."

Alicheka, kile kicheko chake cha puani. "Mimi damu haijawahi kunisumbua. Damu ina moyo wake, inajisukuma. Kilichonishinda ni maji. Na maji yangu yeye ndiye anayasukuma."

Nilibeba kikombe nikaenda kukisuuza.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa alianza kukohoa. Tukadhani ni vumbi la kukoboa. Kule Kitale walimpiga picha ya kifua, na daktari, mwanamke wa makamo, akatuita mimi na Jotham chumbani kwake. Ugonjwa ulikuwa kwenye mapafu yote mawili, na kwenye ini.

Nilimuuliza swali lililokuwa likinisubiri kooni tangu siku ile ya homa. "Daktari, ni zile chale?"

"Hapana," alisema.

"Alichanjwa kwa wembe. Na pembe."

"Najua. Zile ziliuharibu mkono, na angeweza kufa kwa homa ile. Lakini saratani haikuletwa na wembe. Ilikuwa imeshasafiri kabla hatujampasua. Limfu ndiyo njia yake ya kwanza, inafika kwenye tezi, ikishapita hapo inaingia kwenye damu, na damu inafika kila mahali."

Nilitamani aniambie ni zile chale. Mungu anisamehe, nilitamani hivyo kwa nguvu zangu zote. Ningekuwa na mtu. Sasa nilikuwa na mito miwili tu mwilini mwa dada yangu, na mito haitukaniki.

Wacera alitaka kwenda nyumbani, na nyumbani kwake kulikuwa Matulo. Nilifunga duka nikaenda kukaa naye. Alikuwa hawezi tena kuketi nje, kwa hiyo Rispah aliingia ndani na kigoda. Hapo mimi na yeye tulikuwa katika chumba kimoja, kitanda kati yetu, hatusemezani. Wacera alikuwa akimpa mkono, na Rispah anausukuma, ingawa mkono ulikuwa umeanza kurudi ulivyokuwa, na kila mmoja wetu aliuona.

"Umepungua leo," alisema Wacera.

"Kidogo," alisema Rispah. "Kesho utapungua zaidi."

"Kwa Krismasi gauni litaingia."

"Litaingia, mwanangu."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ghala mpaka nilipoweza kurudi.

Alifariki asubuhi moja Nelima akiwa ameenda shule. Krismasi ilikuwa bado.

Siku ya kumchukua mochari, Bungoma, ilibidi wanawake waingie kumvika. Jotham alileta gauni la samawati kwenye mfuko, akanikabidhi, akaenda kusimama na wanaume. Tukaingia mimi na Rispah. Wengine wa upande wetu walikuwa bado njiani, na wa kwao hawakuwa na moyo wa kuingia.

Alikuwa amelazwa juu ya meza, amefunikwa shuka. Niliona uso, nikaona mkono. Ulikuwa mnene, mzito. Hata nikiwa mbali nilijua.

Mhudumu alikuwa mtu mwenye adabu. Alilichukua lile gauni akalipima kwa macho, akaenda kwenye droo akaleta mkasi. "Haitaingia, mama. Lakini msijali, sisi hupasua tu hapa nyuma na hapa kwa mkono, tunaingiza chini. Kwa sanduku hakuna mtu anaona."

"Hapana."

Aliyesema ni Rispah. Alikuwa amesimama kati ya mkasi na meza.

"Huyu hakatwi tena," alisema. "Hata nguo yake. Mimi nilimkata, inatosha."

Yule mtu aliniangalia mimi. Nikamwambia aweke mkasi atupishe kidogo.

Rispah alijifunga leso kiunoni, akaweka vidole shingoni mwa Wacera. Kwanza shingoni, halafu begani. Kisha akashuka mkononi akaanza kusukuma, polepole, kuelekea juu. Ngozi ilikuwa baridi. Hakukuwa na pumzi ya kumsaidia, hakuna msuli, hakuna moyo mahali popote mle ndani, mto wa kwanza nao ulikuwa umesimama, na yule mwanamke mzee alikuwa anasukuma. Midomo yake ilikuwa inaimba bila sauti. Alama za chale zilikuwa pale, vistari vidogo vyeusi, na kila vidole vyake vilipozifikia vilipunguza uzito, vikapita.

Alichoka. Nilimwona akichoka, mabega yakishuka, na akaendelea.

Nilivua sweta. Nilienda upande wa pili wa meza, nikainama.

"Nionyeshe, mama," nilisema.

Alichukua mkono wangu akauweka kwenye kiwiko cha dada yangu, juu yake akaweka wake. "Porepore," alisema. "Kama machozi ya mtoto." Tukasukuma pamoja, sijui kwa muda gani. Yeye anafika begani, mimi naanzia kiganjani. Machozi yangu yaliuangukia ule mkono, nayo tukayasukuma.

Mwishowe Rispah alisema, "Tujaribu."

Nilikunja mkono wa gauni kama anavyofanya fundi, nikaupitisha vidoleni, nikavuta taratibu nikiogopa kusikia mshono ukilia. Haukulia. Ulipita kiganja, ukapita kiwiko, ukapanda mpaka begani bila kukwama popote. Rispah alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Imepungua!" alisema. "Gladwell, imepungua! Mungu wangu, tumeweza!"

Nami niliamini, kwa pumzi moja au mbili. Halafu niliuinua mkono ili kuweka sawa kitambaa kwapani, na vidole vyangu vikagusa kitu. Nililigeuza pindo nikaangalia. Upande wa chini wa mkono wa gauni, kuanzia kwapani hadi karibu na vifungo, mshono ulikuwa umefumuliwa na kipande kirefu kimeongezwa, hakikuwa cha samawati. Kilikuwa kitambaa chepesi cha rangi ya udongo, chenye vidoa vyeupe. Kilishonwa kwa mkono, bila cherehani, na mshono ulikwenda upogo, hatua kubwa hapa, ndogo pale, kazi ambayo Wacera angemfukuza mwanafunzi wake kwa ajili yake. Ilikuwa kazi ya mkono wa kushoto.

Rispah alisogea akaangalia. Akakishika kile kitambaa kati ya vidole.

"Hii ni yangu," alisema taratibu. "Kitambaa changu cha kichwa. Aliniomba wakati wa kuvuna. Nikadhani anataka ya kufunga mkono."

Wakati wa kuvuna, kabla hata hatujampeleka kupigwa picha ya kifua. Alijua. Alikuwa amelipanua gauni, yeye ambaye hakuwahi kumpanulia mtu nguo, akalirudisha kwenye msumari wake upande mzima ukitazama nje. Kisha kila jioni akampa mama mkono wake ausukume, akamwambia umepungua leo.

Rispah aliketi kwenye sakafu ya saruji, kichwa chake kikiwa wazi, akalia kwa sauti. Nilisubiri. Alipoweza kusimama alikuja akaushika mkono wa Wacera kwa juu, akautuliza, nami nikafunga vile vifungo vitatu.